Kuhusu Titi la Kushoto

Nakiru mwanangu,

Ejok? Najua ni kichekesho kumsalimia kwa barua mtoto aliyelala chumba cha pili, ukuta wa bati tu katikati, nami nasikia hata ukigeuka. Lakini unanijua. Nikisimama mbele yako mdomo huanza kujisifu kabla sijaamua nitasema nini. Kwa kalamu nitaenda polepole, labda ukweli utanifikia.

Ni saa nane mchana. Umelala na Ewoi mwanao, jua limesimama juu ya bati, na mbuzi wa jirani wamejibana chini ya pikipiki mbovu wakitafuta kivuli. Kesho alfajiri basi linakuchukua hadi Kakuma kwa mume wako. Kuhusu mizigo, ufuaji wa nepi, au namna ya kukaa na watu wa ploti mliyopanga chumba, sitakuandikia kitu. Hayo unayajua. Nimekulea mimi, si mtu mwingine, na Ekal alipokuja kukuposa alijua vizuri anachukua msichana wa nyumba gani. Hata wazee wake walisema, na mimi sikuwakatiza.

Ninaandika kwa sababu ninaogopa. Umesoma sawasawa. Mama Nakiru wa Kanamkemer, aliyemfukuza fisi na mwiko wa ugali kule Lorugum, anaogopa. Nikisikia Ewoi analia nashtuka kama mtu aliyeitwa polisi.

Naogopa titi lako la kushoto.

Usikasirike. Sikukuchungulia. Mama hachungulii, mama anaona tu. Jumatatu ulikuwa umeketi nje na Ewoi, na alipofungua mdomo kushika chuchu, kidole chako kikubwa cha mguu kilichimba mchanga. Ulifunga macho. Midomo yako ilikuwa ikihesabu. Mama Lokol wa duka alikuwa akipita, akasema, "Huyu msichana ni mama yake mtupu! Ananyonyesha kama amezaa watano!" Nami, Mungu anisamehe, nilicheka, nikamwambia, "Ulitarajia nini? Damu ni ya nani hiyo?" Nilipogeuka, tundu ulilochimba na kidole lilikuwa limeingia karibu kifundo kizima.

Jumanne niliona gauni lako limelowa maziwa upande wa kushoto tu. Kulia kulikuwa kukavu. Mtoto anamaliza la kulia, la kushoto linamwagika lenyewe kwa sababu hulitoi. Jana nilipokukumbatia ulijikunja kwa upande, kama mtu aliyebeba yai kwapani. Nikakuuliza, "Uko aje?" Ukaniambia, "Niko sawa, Mama. Mimi si ni wako?"

Neno hilo ndilo limeninyima usingizi.

Halafu leo asubuhi nilikuwa natafuta sweta ya Ewoi kwenye begi, nikapata chini kabisa chupa ya kunyonyeshea, mpya, na mkebe wa maziwa ya unga. Nimevirudisha palepale. Sikukasirikia chupa, Nakiru. Kuna watoto walionusurika kwa chupa, nami nimewaona, na kuna akina mama ambao daktari amewaambia wenyewe watumie. Kilichonichoma ni namna ulivyoificha. Umeifunga ndani ya leso mbili kama mtu anayeficha pombe kwa mchungaji. Na mchungaji huyo ni mimi.

Kwa hivyo nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote aliye hai. Ata alilijua, mama wa baba yako, na Ata tumemzika.

Umekua ukinisikia kwenye mikutano ya akina mama, nimevaa tisheti yangu ya mhudumu wa afya ya jamii, cheti changu nimekitundika juu ya redio, nikisema: "Binti yangu Nakiru hakuonja tone la maji miezi sita mizima. Mtazameni!" Nawe unasimama, mrefu, meno meupe, watu wanapiga makofi. Ulikuwa na miaka saba mara ya kwanza nilipokusimamisha.

Ni uongo. Ulionja maji ukiwa na siku tisa. Yalitaka kukuua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa Lorugum, na shanga zangu hakuna msichana aliyekuwa nazo. Usidhani natia chumvi. Zilianza mabegani zikapanda hadi kidevuni, nyekundu na buluu na manjano, nikitembea shingo imesimama kama twiga. Wasichana wenzangu walinionea wivu. Baba yako alikuwa ameuza ngamia kwa sababu ya shingo hii. Ulipozaliwa nilikuwa nazo zote, na hakuna aliyeniambia nivue hata mstari mmoja. Kwetu mwanamke anayevua shanga zote ni mwenye msiba. Nani azivue siku ya kuzaa? Ni kama kuita kifo na kukionyesha mlango.

Sasa fikiria. Mtu mwenye shanga hadi kidevuni hawezi kuinamisha kichwa. Nilikuwa nakunyonyesha huku naangalia milima. Nilikuelekeza kwa mkono, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na pale ulipokamata ndipo palepale. Ukawa unakamata ncha. Ncha ya chuchu tu, ukiitafuna kwa ufizi. Leo ninajua, na nimefundisha mamia ya wanawake: mtoto apanue mdomo kama anayepiga miayo, kidevu chake kizame kwenye titi, achukue chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Akishika hivyo maumivu makali hayaendelei. Yakiendelea, mtoe polepole kwa kidole kidogo pembeni ya mdomo, uanze upya. Haya yote ni rahisi kwa mtu anayeweza kumwona mtoto wake.

Siku ya tatu chuchu zilipasuka. Siku ya tano nilikuwa nikiona damu mdomoni mwako. Nilisema? Sikusema. Ningesemaje, wakati ni mimi niliyewacheka wenzangu? Kulikuwa na jirani aliyelia akinyonyesha, nami nikamwambia mbele ya watu kisimani, "Kitoto kisicho na jino kinakuliza hivyo, mume wako anakulisha bure!" Wanawake walicheka mpaka mitungi ikamwagika. Mdomo ule ndio ulionifunga. Ulipokuwa ukishika chuchu nilikuwa naimba kwa sauti ili wasisikie pumzi yangu.

Kisha titi la kushoto likawa gumu. Sehemu moja kwa upande wa kwapa ilikuwa nyekundu na ya moto, nami nikatetemeka kwa homa katikati ya mchana, jua la Lorugum likiwa kichwani. Nikajiambia kile nilichosikia kwa wengine, kwamba titi lenye homa limeoza na maziwa yake ni sumu. Nikaacha kukupa la kushoto. Na hapo ndipo nilipofunga mlango na kuacha moto ndani, kwa sababu titi lililojaa lisipotolewa linazidi kuvimba, na homa inazidi. Nalo la kulia lilikuwa na vidonda, kwa hiyo nikawa nakupa kidogo, nikitafuta sababu.

Sababu ilipatikana haraka. Jua. Si unajua watu wanavyosema, huyu mtoto ana kiu, mnamchoma, mpeni maji? Sote tulikuwa tunasema hivyo. Hata mimi mwenyewe koo lilikuwa limekauka, ningewezaje kuamini kwamba maziwa ndiyo maji yake? Nikachota kwenye shimo la mto mkavu, nikatia sukari, nikakudondoshea kwa kidole. Ulinyamaza. Nakiru, ulinyamaza! Nikadhani mimi ni daktari. Kesho yake nikaongeza maziwa ya mbuzi kidogo.

Siku iliyofuata ulianza kuhara. Siku ya tatu ya kuhara ulilia bila machozi. Niliona utosi wako umedidimia, kashimo kadogo katikati ya kichwa, ungeweza kuweka shanga moja ikakaa. Nikafunika kichwa chako na kitambaa nisikaone. Ndivyo mwoga anavyofanya. Hakimbii, anafunika.

Ata alikuwa amekwenda na mbuzi upande wa milima. Alirudi jioni ile, hata maji hakunywa, akakuangalia.

"Huyu mtoto ananyonya nani?"

"Mimi, mama."

"Mnyonyeshe nione."

Nikakuweka. Ukatafuta, ukakosa, ukashika ncha, nami nikaanza kuimba.

"Nyamaza," akasema. "Inamisha kichwa umwangalie mtoto wako."

"Siwezi, mama. Shanga."

"Unamlisha mtu usiyemwona?"

"Nikizivua watasema nimefiwa."

Ata alinikazia macho. Alikuwa na jicho moja zima, lakini lilitosha kwa watu wawili. Akasema, "Usipozivua, utafiwa."

Alinifungua mwenyewe. Mstari mmoja baada ya mwingine, kwenye bakuli la kukamulia, na uliogoma kufunguka aliukata kwa meno, kwa hivyo nikajua hata yeye anaogopa. Watu waliona nikitoka na shingo tupu. Mwanamke mmoja akaanza kupiga kelele za msiba, na Ata akamgeukia: "Funga mdomo! Hajafa! Ukilia tena nitakupa sababu." Tukatembea hadi zahanati. Shingo yangu ilikuwa nyepesi, kichwa kikiyumbayumba kama cha mtoto. Nilikuwa nakutazama njia nzima. Ulikuwa na siku kumi na tatu na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukuona vizuri ukiwa kifuani kwangu.

Nesi wa zahanati alikupa maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, kijiko kwa kijiko, kwa kuwa ulikuwa mgonjwa. Kisha akanigeukia mimi. Nilitarajia anitukane. Akaniambia tu, "Hili la kushoto halijaoza. Mtoto anyonye, maziwa hayo hayana neno. Ukiacha linaweza kutunga jipu, na jipu ni kupasuliwa." Akanipa dawa. Akanionyesha kuweka kitambaa chenye maji baridi baada ya kunyonyesha, na kukamua kwa mkono kidogo tu, taratibu, mtoto akishindwa. Nisilifinye kama mtu anayekanda unga. Alikuweka kifuani tumbo kwa tumbo, akangoja upanue mdomo, akakusogeza upesi. Ulishika. Sikuimba. Niliona taya lako likishuka na kupanda, nikasikia ukimeza, na nililia mpaka nesi akaniuliza kama bado panauma. Nikamwambia hapana, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo ilikuwa kweli.

Kwa hivyo huyo ndiye shujaa wa Kanamkemer.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza habari ya matiti, sikujifunza habari ya mdomo. Unamkumbuka Napeyok, yule msichana mfupi aliyekuwa akija kwenye kikundi chetu na mtoto mgongoni? Siku moja alikuwa akinyonyesha akiwa amemshika mtoto mbali, chuchu kidogo tu mdomoni. Nikasema mbele ya wote, "Napeyok, unamnyonyesha au unamwashia sigara?" Kicheko kilikuwa kikubwa. Mimi nilicheka kuliko wote. Hakurudi wiki iliyofuata, wala ya pili, nami nikasema wasichana wa siku hizi ni wavivu. Nilipomkuta, alikuwa amelala kwa mama yake na jipu kubwa kama limau. Walimpasua. Mtoto alikuwa amekonda hadi masikio yakaonekana makubwa. Walipona wote wawili. Napeyok nilimwuliza, "Kwa nini hukuniita? Naishi hapo tu." Akasema kwa adabu sana, "Niliogopa kukuaibisha, mama mwalimu."

Mimi niliyevua shanga mbele ya kijiji kizima, nilikuwa nimejijengea nyingine zisizoonekana, na watoto wa watu walikuwa wakiogopa kuzigusa.

Na sasa wewe. "Mimi si ni wako?"

Nimekulea uamini kwamba mama yako hakuwahi kushindwa, basi utanionyeshaje kwamba wewe panakuuma? Nimekaa hapa nikihesabu ni mara ngapi umefungua mdomo wiki hii ukaufunga. Juzi ulianza, "Mama, hivi wewe ulipokuwa..." nami nikakukatiza, nikaanza ile hadithi ya miezi sita. Ile ile! Uliniangalia mpaka mwisho na ukasema, "Ni vizuri, Mama." Mungu wangu.

Wacha nikuambie yanayonitisha, kila moja, kwa sababu hofu ikikaa kimya inanenepa.

Naogopa barabara ile na joto la ndani ya basi. Naogopa mtu wa kiti cha pili atakayekuambia maziwa yako yamechemka kwa jua, uyakamue uyamwage, au umpe mtoto maji. Atakuwa mtu mwema. Wote huwa wema. Maziwa hayachemki ndani ya mtu, Nakiru. Ewoi akiwa na kiu atanyonya mara nyingi zaidi, basi. Mwenye kuhitaji chupa ya maji ni wewe.

Naogopa utafika umechoka, titi limejaa, na kwa kumwonea Ekal aibu utachukua ule mkebe. Naogopa maji ya kuuchanganyia zaidi ya mkebe wenyewe. Naona kale kashimo kichwani. Nilikaona kwako, lakini sasa kana uso wa Ewoi.

Naogopa kwamba huko hutakuwa na Ata. Ekal ni mwalimu mzuri, lakini mwanamume akiona mke wake anatetemeka kwa homa atamnunulia soda. Uliniambia kwa simu mwezi ule ulipokwenda kuona nyumba, "Mama, kwenye ploti kila mlango una lugha yake, huyu Msomali, huyu Mkongo, huyu anaongea Kiarabu cha Juba, mimi nitaongea na nani?" Nilicheka. Sikupaswa. Mtafute mama yeyote mwenye mtoto aliyenona, umwonyeshe. Titi halihitaji mkalimani. Atakushika bega, atamgeuza mtoto, na utajua. Kliniki ya hapo pia ina wale wa kazi kama yangu. Usiwaambie wewe ni binti wa nani. Waambie tu panauma.

Na naogopa zaidi kwamba nimechelewa. Ukikaa kimya siku mbili nyingine, hilo gumu la kushoto litakuwa jambo la kisu. Leo asubuhi mashavu yako yalikuwa na wekundu ambao si wa jua. Nilikuambia umependeza.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kati ya nguo za Ewoi, uisome ukishafika, wakati mimi niko mbali na uso wangu hauonekani. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona upumbavu wangu. Mtu anaona nyumba inawaka, anaandika barua itakayofika kesho kutwa?

Nakuja nayo sasa hivi. Utaisoma nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, nimembeba Ewoi, na nitanyamaza mpaka neno la mwisho hata kama itaniua. Ukimaliza usiniambie uko sawa. Usiseme kitu. Fungua vifungo tu nione. Kama ni namna ya kushika, tutamfundisha Ewoi pamoja jioni hii, yeye na mimi na wewe, mara kumi ikibidi. Kama ni jekundu na lina moto, ninaita boda, tunakwenda hospitali kabla jua halijashuka, na basi la kesho libebe mizigo ya watu wengine. Ekal nitampigia mimi. Sitamwambia umeshindwa. Nitamwambia mama mkwe wake alikuwa na maneno ya kusema, na aliyasema dakika ya mwisho.

Amka, Nakiru. Niko mlangoni.

Mama yako